Makapi ya Shinkolobwe

Mwanamke apetaye mpunga hayajali makapi yaangukapo miguuni pake. Upepo huyachukua, kuku huyadonoa, na mvua ya msimu mmoja huyaozesha yakawa udongo. Lakini yako makapi ya namna nyingine, ambayo upepo ukiyachukua ni msiba, mvua ikiyafikia huyapeleka mtoni, na miaka elfu haitoshi kuyaozesha. Hayo ndiyo makapi ya urani. Dunia imeandika sana juu ya nafaka ya madini hayo, yaani bomu na umeme. Juu ya makapi yake imeandika kidogo, na juu ya wale walioachiwa makapi hayo imeandika kidogo zaidi. Historia ya Shinkolobwe, machimbo ya Katanga katika Kongo, inafaa kusomwa kwa kuanzia upande huo uliosahauliwa.

Shinkolobwe ipo magharibi ya mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Katika mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Rich Sharp, aliyekuwa mpelelezi wa madini wa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, aligundua hapo mawe mazito yenye urani. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba, na urani yenyewe wakati ule haikuwa na thamani kubwa. Iliyotafutwa ilikuwa radiamu. Madaktari wa Ulaya na Amerika walikuwa wameanza kutibu uvimbe wa saratani kwa radiamu, na wafanya biashara walikuwa wameanza kuitia katika rangi za kung'arisha saa gizani. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen, na kuanzia mwaka 1922 radiamu ya Kongo iliingia sokoni ikawashinda washindani wake wote. Bei ilishuka hata ikafika kiasi cha dola 70,000 kwa gramu moja, na hata hivyo faida ilikuwa kubwa.

Hapa hapana budi kueleza kwa ufupi tabia ya madini yenyewe, maana bila ya kuijua mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Urani ni kitu kisichotulia. Kidogo kidogo huvunjika, na katika kuvunjika hutoa miale isiyoonekana kwa jicho wala kusikika kwa ngozi, na huzaa vitu vingine, navyo huvunjika kwa zamu yao. Mmoja wa wazao hao ni radiamu. Katika mawe yaliyolala ardhini tangu zama za kale, kila tani 3 za urani hukaa na gramu 1 hivi ya radiamu. Radiamu nayo huzaa hewa iitwayo radoni, ambayo haina rangi wala harufu, ambayo mtu huivuta pamoja na pumzi yake, na ambayo wazao wake hubaki mapafuni. Nusu ya radiamu yoyote huchukua miaka 1,600 kutoweka. Nusu ya thoriamu iliyo katika ukoo huo huo huchukua miaka kiasi cha 75,000. Basi mtu akiitoa urani katika mawe, hakutoa ukoo mzima. Kiasi cha asilimia 85 ya nguvu ya miale iliyokuwamo hubaki katika makapi. Huchukuliwa mzazi, wakaachwa watoto. Na watoto ndio wakali.

Mtu asidhani kwamba hatari hii haikujulikana wakati ule. Katika mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walikuwa wamekwisha kuandika kwamba wachimba madini wa Schneeberg walikufa kwa wingi kwa uvimbe wa mapafu. Katika miaka ya 1920 wasichana wa Marekani waliopaka rangi ya radiamu katika nyuso za saa waliugua mifupa ya taya na kufa. Marie Curie, aliyeigundua radiamu pamoja na mumewe, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu. Kwa hiyo wakati mawe ya Shinkolobwe yalipokuwa yakivunjwa na kutiwa magunia, maarifa yalikuwapo vitabuni. Lakini maarifa yaliyo kitabuni Ulaya na gunia lililo begani Katanga havikukutana.

Na mabega hayo yalikuwa ya nani? Union Minière ilikusanya wafanyakazi wake kutoka Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, na kwa muda hata Rwanda na Urundi. Watu hawa wa makabila mengi walikaa katika kambi za kampuni, na lugha iliyowaunganisha kazini na nyumbani ilikuwa Kiswahili. Hali yao haikuwa ya hiari nyingi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni walipogoma kwa kudai nyongeza ya mshahara, askari waliwapiga risasi huko Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na Léonard Mpoyi, mmoja wa wale waliosema kwa niaba yao, aliuawa. Katika siku hizo hizo mawe ya urani yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari.

Machimbo ya Shinkolobwe yalikuwa yamefungwa mwaka 1937, soko la radiamu lilipojaa, na mashimo yakaachwa yajae maji. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Wanasayansi walivumbua kwamba kiini cha urani huweza kupasuliwa na kutoa nguvu isiyo kifani. Barua iliyotiwa sahihi na Albert Einstein mwezi wa Agosti 1939, kwa Rais Roosevelt wa Marekani, ilitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa ndiyo chimbuko kubwa kuliko yote la urani. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa mwaka huo huo na mjumbe wa Uingereza, Henry Tizard. Sengier alihamia New York, na katika mwaka 1940 akaamuru kiasi cha tani 1,200 za mawe yaliyo bora zitolewe Katanga, zipitie bandari ya Lobito katika Angola, zikawekwe ghalani katika Staten Island. Zilikaa humo ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, pasipo mtu kuzijali, mpaka tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipomwendea Sengier ofisini mwake, na mapatano yakafungwa kwa maongezi mafupi.

Kilichomstaajabisha Nichols kilikuwa wema wa mawe yenyewe. Kwingineko jiwe lenye asilimia moja ya urani lilihesabiwa kuwa zuri. Mawe ya Shinkolobwe yaliyokuwa ghalani yalikuwa na kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya urani. Hata malundo yaliyotupwa nje ya machimbo kuwa ni takataka yalikuwa na kiasi cha asilimia 20. Wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kuyafungua machimbo tena, maji yakapwa, na mawe yakasafiri kwa reli na kwa mto wa Kasai hata Matadi, na kutoka hapo kwa meli. Kiasi cha thuluthi mbili ya urani yote iliyotumika katika mradi wa bomu wakati wa vita ilitoka Kongo. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945. Sengier alitunukiwa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Jina la Shinkolobwe likafichwa.

Hapo ndipo wengi wanapoikomesha habari. Lakini mawe yakiisha kutolewa urani huacha makapi, na makapi ya mawe mema kuliko yote duniani yalikuwa makali kuliko yote. Yalipewa jina la K-65, na safari yake ni jambo la ajabu. Katika mikataba ya wakati wa vita Wamarekani walinunua urani peke yake; kampuni ya Kibelgiji iliyouza mawe ilijiwekea haki ya radiamu iliyobaki ndani ya makapi, kwa kuwa radiamu bado ilikuwa na bei. Kwa sababu hiyo makapi hayakutupwa ovyo kama mengine, bali yaliwekwa akiba kwa ajili ya mwenyewe. Yalihifadhiwa kwa kuwa ni mali, si kwa kuwa ni sumu. Jambo hili laonyesha tabia ya mwanadamu waziwazi: hazina hupata mlinzi kabla ya hatari kumpata.

Sehemu moja ya makapi hayo ilipelekwa Lewiston, karibu na Niagara, katika uwanja wa jeshi uliokuwa na kiwanda cha baruti. Huko, baada ya vita, yalitiwa ndani ya mnara wa saruji uliokuwa umejengwa kwa ajili ya maji. Sehemu nyingine ilipelekwa Fernald, katika jimbo la Ohio, kiwanda kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikajazwa katika maghala mawili ya mviringo ya saruji. Mawe mengine ya Kongo yalisafishwa Port Hope katika Kanada, na mengine St. Louis. Kila yalipopita yaliacha alama yake. Hata ghala la Staten Island, ambalo halikufanya kazi ila kuyaweka mapipa, liligunduliwa mwaka 1980 kuwa udongo wake bado una miale.

Kwa muda wa miaka mingi majirani wa mahali hapo hawakujua. Fernald ilikuwa na mnara wa maji uliopakwa miraba ya rangi mbili, na watu wengi waliokaa karibu walidhani kwamba hutengenezwa humo chakula cha mifugo. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba vumbi la urani lilikuwa likitoka kiwandani na kwamba visima kadha vya majirani vilikuwa vimeingiliwa. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 1989 serikali ilikubali kulipa dola milioni 78. Kazi ya kutoa urani ilikomeshwa mwaka huo. Ndipo ilipoanza kazi ya kusafisha, ambayo ilichukua miaka mingi na kugharimu dola bilioni 4.4 kabla ya kutangazwa kwisha mwaka 2006. Makapi ya K-65 yalifyonzwa kutoka maghalani kwa mitambo, yakachanganywa na saruji, yakatiwa katika mapipa ya chuma na kupelekwa Texas, kaunti ya Andrews, ambako yalizikwa. Mahali palipokuwa kiwanda leo ni mbuga yenye ndege na maji, lakini pampu bado huvuta maji ya chini ya ardhi na kuyachuja.

Katika Niagara makapi yalifukiwa ndani ya lundo lililofunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, kazi iliyokwisha mwaka 1986. Nalo likaitwa lundo la muda. Mwaka 2019 jeshi la Marekani liliamua kwamba makapi hayo yatolewe na kupelekwa mbali. Katika Port Hope, ambako mabaki ya urani na radiamu yalitumika hata kusawazishia viwanja na kujengea nyumba, serikali ya Kanada iliafikiana na wenyeji mwaka 2001 kukusanya takataka zipatazo mita za ujazo milioni 1.2, na mwaka 2012 ilitenga dola za Kanada bilioni 1.28. Katika Olen nako, kijito kilichopokea maji ya kiwanda kilipimwa, na mabaki yaliyo makali yakajengewa hifadhi ya kudumu zaidi katika miaka ya 1980.

Neno kusafisha lataka kufikiriwa hapa. Mtu akisafisha nguo, uchafu huenda na maji na jambo likesha. Akisafisha shamba, magugu huchomwa yakawa majivu. Lakini moto hauichomi radiamu, wala sabuni haiiondoi. Kuisafisha ni kuikusanya ilikotawanyika, kuifunga, kuihamisha hata mahali pasipo watu wengi wala maji ya karibu, kisha kuweka mlinzi, na mlinzi wa mlinzi, kwa muda unaopita umri wa dola zote zilizopata kuwapo. Aliye Ohio alisafishiwa. Lakini radiamu yake iko Texas. Kwa hiyo, kwa ukweli wake, kusafisha makapi ya urani ni ahadi. Na ahadi huwa na maana pale tu palipo na mtu wa kuidai na mtu wa kuitimiza.

Kwa kipimo hicho sasa itazamwe Shinkolobwe yenyewe, kichwa cha mto huu wote. Machimbo yalifungwa wakati Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, na milango ya mashimo ikazibwa kwa saruji. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tanuri la nyuklia la kwanza katika Afrika lilikuwa limewashwa katika chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kama kifuta jasho cha urani iliyokwenda. Mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka 1967, ikawa Gécamines. Malundo ya nje yalibaki palepale, yakipigwa na jua na mvua. Kisha shaba na kampuni vikadhoofika, mishahara ikakoma, na watu wakatafuta riziki yao kwa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji walimiminika Shinkolobwe, si kwa urani bali kwa kobalti iliyomo katika mawe hayo hayo. Walichimba kwa sururu na koleo, bila ya viatu vya kazi wala kifuniko cha pua. Kijiji kizima kikaota juu ya makapi.

Mwezi wa Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuyafunga machimbo. Amri haikuzuia njaa. Watu waliendelea kuchimba. Tarehe 10 Julai mwaka huo shimo lilibomoka, watu 8 wakafa. Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu, ambao walikwenda na vipimo vyao mwezi wa Oktoba na Novemba. Waliona kwamba ardhi ilikuwa imetoboka na yaweza kuporomoka wakati wowote, na kwamba miale, ingawa haikuwa ya kuua mtu kwa siku moja, ilikuwa hatari kwa mwenye kukaa na kufanya kazi hapo muda mrefu. Waliagiza uchimbaji ukomeshwe. Kijiji kilibomolewa. Lakini kumwondoa mtu juu ya makapi si kuyaondoa makapi. Jembe la kusafisha lililopita Ohio, Ontario na Olen halikupita hapo.

Tofauti hii haielezwi na sayansi, maana radiamu ya Katanga na radiamu ya Ohio ni moja. Huenda ilitoka katika mwamba mmoja. Yaelezwa na historia ya madai. Katika Fernald alikuwapo mkazi mwenye hati ya nyumba, wakili mwenye sheria ya kusimamia, gazeti lenye kuandika, na serikali yenye fedha na yenye kuogopa kura. Kadhalika sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliwapa wafanyakazi wa viwanda hivyo waliougua saratani malipo ya dola 150,000 kwa mtu, kwa kuwa majina yao na vipimo vyao vilikuwa vimeandikwa. Sheria hiyo haimfikii mchimbaji wa Shinkolobwe. Aliyechimba jiwe na aliyelisaga walivuta vumbi la namna moja. Mmoja wao aliandikwa katika daftari la afya, na mwingine aliandikwa katika daftari la mshahara, kisha akafutwa. Husemwa kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii ilikosa shabaha katika Katanga: aliyeamuru kisima hakukaribia ukingo wake.

Wako watakaosema, na si bila ya sababu, kwamba Kongo yenyewe imekuwa huru tangu mwaka 1960 na ilikuwa na nafasi ya kuyafunika malundo yake. Kweli, serikali zilizofuata hazina hoja ya kujisafishia. Lakini aulizwe msema hilo: ni nani katika biashara hii aliyelipwa bei kamili ya jiwe? Bei ya mwaka 1942 haikuwa na ndani yake gharama ya dola bilioni 4.4, wala ya bilioni 1.28. Gharama hizo zilikuja baadaye, zikalipwa na hazina za mataifa yaliyoweza kulipa, si na waliopata faida. Panapokosekana hazina ya kulipa, deni hulipwa kwa mapafu. Bei rahisi ya urani ilikuwa rahisi kwa sababu makapi hayakuhesabiwa.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Katika mwaka 2012 mpaka wa pori la Selous, lililokuwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 1982, ulibadilishwa kwa kibali cha kamati ya UNESCO ili eneo la Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, liweze kuchimbwa urani. Mawe ya Mkuju si mema kama yale ya Shinkolobwe. Na kwa sababu hiyo hiyo makapi yake kwa kila kilo ya urani ni mengi zaidi, kwani penye nafaka haba makapi ndiyo shehena. Uchimbaji wa sasa una sheria, wakaguzi na mabwawa ya kuhifadhia makapi ambayo Wabelgiji hawakujisumbua nayo. Lakini sheria ni ahadi, na bwawa ni ahadi. Lililo la lazima ni kwamba fedha za kusafisha zitengwe kabla ya jiwe la kwanza kutoka, na majina ya wachimbaji na vipimo vyao viandikwe tangu siku ya kwanza, katika lugha ambayo wao wenyewe wanaisoma.

Neno hili la lugha si dogo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kama ilivyoonwa na watumishi wa majumbani, kazi ambayo mwanachuo Johannes Fabian aliitoa kitabuni mwaka 1990. Kazi hiyo ni ushahidi kwamba watu wa Katanga hawakungoja Mzungu awaandikie waliyoyapitia. Lakini habari za vumbi la Shinkolobwe, kikohozi cha waliolibeba, na maji waliyokunywa wake zao na watoto wao katika kambi, bado haziko kitabuni kwa wingi kama zilivyo habari za Sengier na mapipa yake. Waliobeba magunia ya mwaka 1942 wengi wamekwisha kufa. Wana wao na wajukuu wao wako Likasi na Lubumbashi, nao wanasema Kiswahili. Mwenye kuwauliza leo atakuta jambo la kuandika. Mwenye kungoja atakuta makapi peke yake, maana hayo hayafi upesi kama mashahidi.